Samaki wa Maji Baridi: Historia ya Trauti Katika Mito ya Mlimani

Katika kipindi cha leo tutaziweka kando kidogo habari za mbegu na mbolea, tuangalie historia ya samaki mmoja. Msishangae mkasema, "Sisi ni watu wa jembe, samaki anatuhusu nini?" Sikilizeni mpaka mwisho, nanyi mtaona kwamba habari hii ni ya shamba kuliko mlivyodhani.

Samaki huyo anaitwa trauti. Ninyi mnaolima kwenye miteremko ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, kule Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Nanyuki, mnamjua. Ana madoadoa mgongoni, mwili wake ni mwembamba wenye nguvu, na hukaa katika maji ya baridi yanayokimbia juu ya mawe. Huwezi kumpata kwenye kinamasi wala kwenye maji ya vuguvugu. Trauti hastahimili mto uliochafuka. Mto ukianza kuharibika, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuondoka au kufa, na baada yake hasara humfikia mwenye shamba. Basi tuulizane leo: samaki huyu alitoka wapi, aliletwa kwa ajili ya nani, na mito aliyotiwa imepatwa na nini tangu hapo?

Tuanzie kwao. Trauti wa kahawia ni samaki wa Ulaya, na mmoja wa jamaa zake wanaojulikana sana ni yule wa ziwa liitwalo Loch Leven, huko Uskoti. Kule mwaka una majira manne. Wakati wa baridi kali, tangu Desemba mpaka Februari, maji ya mito huwa baridi mno, na mahali pengine barafu hushika kando. Siku hizo trauti hujibanza chini karibu na mawe, mahali maji yanapokwenda polepole, maana hataki kupoteza nguvu bure. Mwili wake hauna joto lake wenyewe kama mwili wa ng'ombe au wa mtu. Joto lake ni lile la maji. Maji yakiwa digrii 4 au 5 za sentigredi, chakula huchukua muda mrefu kusagika tumboni mwake, kwa hiyo hana haja ya kula sana. Yakifika kama digrii 10 anaanza kula kwa bidii, na hula vizuri mpaka kama digrii 16. Yakizidi 20 anahangaika, na yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini.

Sasa, mwezi wa Machi, majira ya kuchipua yanapoanza, jua hurudi kidogo kidogo. Sheria ya Uskoti huruhusu kumvua trauti wa kahawia kuanzia tarehe 15 Machi mpaka tarehe 6 Oktoba, halafu mito hufungwa. Kwa nini hufungwa? Kwa sababu miezi ya mwisho wa mwaka ndiyo trauti hutaga. Jike huchimba shimo katika changarawe kwa mkia wake, hutaga mayai humo, kisha huyafunika kwa changarawe. Mayai hukaa humo baridi yote, yakipata hewa kutokana na maji yanayopenya katikati ya vijiwe. Likumbukeni jambo hili la changarawe, maana tutalirudia.

Mvuvi wa Machi haendi mtoni alfajiri kama mvuvi wa pwani. Husubiri mpaka jua limepanda, kwa sababu ni saa za mchana tu ambapo maji hupata joto kidogo na samaki husogea. Kwanza hutazama mambo matatu. La kwanza ni joto la maji: kama theluji inayeyuka milimani, maji yake hushuka mtoni yakaurudisha mto kwenye baridi, na siku hiyo hapana kitu. La pili ni kimo cha maji: mto ukijaa sana samaki hujificha kando penye utulivu. La tatu ni rangi: maji yakiwa na wingu kidogo si vibaya, lakini yakiwa kama chai ya maziwa, samaki haoni chambo. Mnaona basi, wakulima, mtu huyu anafanya kama mnavyofanya ninyi mnapokwenda kuushika udongo mkononi kabla ya kupanda.

Na chambo chenyewe ni cha ajabu. Wavuvi hao hawatumii nyungunyungu. Hufunga manyoya ya ndege, nyuzi na sufu kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Chini ya mawe ya mto safi kuna wadudu wanaoishi humo miezi mingi, na siku yao ikifika hupanda juu ya maji, wakapata mabawa, wakaruka. Trauti huwangojea hapo. Mmoja wa wadudu hao hutoka kwa wingi adhuhuri za mwezi wa Machi, na Waingereza wamempa jina la mwezi wenyewe. Mvuvi humwiga mdudu huyo kwa manyoya, naye samaki hudanganyika.

Ufundi huo ni wa zamani sana. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Aelian, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuvua samaki wenye madoadoa. Na Uingereza, mwaka 1496, kilichapishwa kitabu chenye orodha ya vyambo 12 vya namna hiyo, vimepangwa kwa miezi kuanzia Machi. Kwa hiyo watu hao walikuwa na kalenda yao ya mtoni, kama sisi tulivyo na kalenda ya kupanda na kupalilia.

Karne ya kumi na tisa Waingereza walipokwenda kukaa nchi za mbali, walitaka kila kitu cha kwao: ng'ombe wao, ngano yao, miti yao, na samaki wao. Lakini utampelekaje samaki wa maji baridi mbali hivyo, kwa meli, kuvuka bahari zenye joto? Jawabu lilikuwa kupeleka mayai. Yai la trauti linapofikia hatua ambayo macho ya kifaranga yanaonekana ndani kama vidoa viwili vyeusi, huwa gumu na linaweza kusafirishwa. Ukilihifadhi katika unyevu na baridi, kuanguliwa kwake hucheleweshwa. Katika maji ya digrii 10 mayai ya trauti wa kahawia huanguliwa kwa muda wa kama siku 40, lakini kwenye baridi ya barafu huchukua miezi.

Jaribio kubwa lilikuwa la kisiwa cha Tasmania, kusini ya Australia. Walijaribu mara kadhaa wakashindwa, mayai yakafa njiani. Mwishowe, Januari 1864, meli iitwayo Norfolk iliondoka Uingereza ikiwa imebeba mayai yaliyofungwa katika kuvumwani mbichi na kuwekwa chini ya barafu nyingi. Mayai mengi yalikuwa ya samaki mwingine aitwaye samoni, na ya trauti yalikuwa elfu chache tu. Safari ilichukua karibu miezi mitatu. Mwezi wa Mei 1864 trauti wa kwanza wakaanguliwa huko Tasmania, na kutokana na hao mia chache, samaki walienea mito mingi ya kusini ya dunia. Huko majira ni kinyume: majira yao ya kuchipua huanza Septemba. Samaki walizoea. Walihama kutoka kalenda moja wakaingia nyingine.

Afrika ya Kusini nako wakaletwa miaka ya 1890. Hapo tunakaribia kwetu.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Pamoja na reli wakaja walowezi. Mmoja wao alikuwa Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ndefu kutoka kusini ya Afrika mpaka Cairo, iliyomalizika mwaka 1900. Mwaka 1905 Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia wa Loch Leven, na samaki hao wakatiwa katika Mto Gura, unaotiririka kutoka milima ya Nyandarua. Siku hizo mzigo wa kwenda milimani ukishatoka stesheni ulikwenda kwa vichwa vya wapagazi au kwa magari ya ng'ombe. Kwa hiyo historia inamtaja mwenye kuagiza, lakini kazi ya kupandisha mizigo mlimani ilikuwa ya Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Na tuseme ukweli wote: Grogan huyo huyo, mwaka 1907, aliwapiga viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Huyo ndiye aliyetuletea trauti.

Mwaka 1910 akafuata jamaa mwingine, trauti wa upinde wa mvua, aliyeletwa kutoka Afrika ya Kusini. Asili yake hasa ni mito ya Marekani ya Kaskazini inayoingia Bahari ya Pasifiki. Ana mstari wa rangi kama ya waridi ubavuni. Yeye hukua upesi zaidi, na hustahimili mabwawa kuliko yule wa kahawia. Kutoka Gura na mito jirani samaki walichukuliwa wakatiwa mito ya Mlima Kenya, na hata maziwa madogo yaliyo juu kabisa, kama Ziwa Alice. Tanzania nako, wakati wa ukoloni, trauti walitiwa katika vijito vya milima ya kaskazini na vya nyanda za juu za kusini.

Hapa ndipo tunapokuta jambo la kufikiri. Samaki huyu ametoka nchi ya majira manne, akaletwa karibu na ikweta. Hapa hapana majira ya kuchipua. Hapana theluji inayoyeyuka Machi ikauamsha mto mzima. Ataishije? Kumbe badala ya majira, kwetu kuna kimo cha mlima. Kadiri unavyopanda, maji yanakuwa baridi. Kiasi cha mita 1,800 au 2,000 kwenda juu, maji ya mito hii ni baridi ya kumtosha trauti mwaka mzima. Mkulima wa chai anajua mstari wa chai unaishia wapi, wa kahawa unaanzia wapi, na wa pareto na viazi uko juu wapi. Trauti naye ana mstari wake.

Na badala ya joto la Machi, kwetu mambo yanaongozwa na mvua. Mvua za masika, Machi mpaka Mei, hujaza mito na kuitia rangi, na mvuvi hukaa nyumbani. Mvua ndogo za Oktoba mpaka Desemba hufanya vivyo hivyo. Mto ukishatulia na kusafika ndipo wadudu huonekana na samaki hula. Kwa hiyo Mwingereza aliyekuja na kalenda yake ya kitabu alilazimika kuiweka chini, aangalie mawingu juu ya Nyandarua kama mwenyeji yeyote. Hali njema ya mto kwetu huletwa na mambo mawili: maji kubaki baridi, na maji kusafika upesi baada ya mvua. Na mambo hayo mawili, wakulima, hayategemei mbingu peke yake. Yanategemea ardhi iliyo kando ya mto imefunikwa na nini.

Tuendelee na historia. Trauti alikuwa wa nani? Kwa muda mrefu alikuwa wa wachache. Kumvua kulihitaji leseni, na katika mito yake ilitakiwa kutumia chambo cha manyoya tu. Ulikuwa mchezo wa walowezi na maofisa. Wakikuyu wengi wa wakati huo hawakuwa na desturi ya kula samaki, basi walimwona mtu mzima amesimama katika maji ya baridi kutwa nzima, wakashangaa. Mwaka 1948 vilianzishwa vituo viwili vya samaki: Sagana kwa samaki wa maji ya vuguvugu, na Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa trauti. Kituo cha Kiganjo kilikuwa cha kuangulia mayai na kulea vifaranga wa kutia mitoni.

Wakati huo huo, mambo mengine yalikuwa yakichemka kwenye miteremko ile ile. Serikali ya kikoloni iliona udongo unachukuliwa na maji, ikawalazimisha watu kuchimba matuta. Lakini haikusema kwamba ardhi nzuri imechukuliwa, na kwamba watu wamesongamana katika sehemu iliyobaki. Huko Murang'a, mwaka 1947 na 1948, watu waliikataa kazi hiyo ya kulazimishwa, na wanawake ndio waliosimama mbele, kwa kuwa ndio waliokuwa wakitolewa jasho. Hawakukataa matuta kwa kutojua faida yake. Walikataa kuchimbishwa kwa amri, katika nchi ambayo walikuwa wananyang'anywa.

Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa uwanja wa vita, na kuingia kukakatazwa. Wapiganaji wa uhuru waliishi kwenye misitu hiyo, wakinywa maji ya mito hiyo hiyo ambayo walowezi waliitia samaki wa kuchezea. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri. Unapoona Mto Gura leo, ukumbuke kwamba una historia zote mbili ndani yake, ya ndoana na ya bunduki.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, trauti alibaki, na mashamba yakaanza kuwa ya wananchi. Mwaka 1974 serikali, ikisaidiwa na watu wa Swideni, ilianza mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo. Safari hii njia ilikuwa nyingine: mkulima alifundishwa, akaonyeshwa shamba la jirani, akaachwa aamue. Ndipo matuta ya "fanya juu" yakaenea, yale ya kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu, kisha kupanda nyasi juu ya ukingo. Kazi iliyochukiwa ilipokuwa ya amri ikafanywa na watu wenyewe walipoona kwamba udongo unaookolewa ni wao.

Haya, na mto umepatwa na nini? Tuchukue mfano wa upande wa magharibi wa Mlima Kenya. Mito ya trauti kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki hushuka na kuungana katika Ewaso Ng'iro, unaokwenda mpaka Isiolo na Samburu kwa ndugu zetu wafugaji. Katika kituo cha kupimia cha Archer's Post, mwezi wa Februari, ambao ni wa ukame, wastani wa maji katika miaka ya 1960 ulikuwa karibu mita 9 za ujazo kwa sekunde. Katika miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka mpaka karibu mita 1. Sababu si moja. Miaka ya ukame imo, lakini kubwa ni kwamba watu waliongezeka, mashamba ya kumwagilia yakaongezeka, madogo na makubwa, na kila mmoja akatia bomba lake mtoni mwezi ule ule ambao mto hauna kitu. Mkulima wa juu akamwagilia kabeji, na mfugaji wa chini akakuta mchanga.

Trauti naye huumia hapo hapo. Mto ukiwa na maji machache, jua huyachemsha upesi. Na maji yakipata joto hewa hupungua ndani yake. Maji safi ya digrii 10, penye usawa wa bahari, yanaweza kuchukua kama miligramu 11 za hewa safi ya oksijeni kwa lita, lakini ya digrii 25 huchukua 8 tu, na mlimani hupungua zaidi. Samaki wa mto uendao kasi anahitaji hewa nyingi. Ukiikata miti yote ya ukingoni, umeondoa kivuli, na ni kama umeushusha mto kutoka mlimani ukaupeleka nyanda za chini.

Nilisema tutarudi kwenye changarawe. Shamba likilimwa mpaka kwenye maji, mvua ya kwanza huteremsha udongo mwembamba. Udongo huo hutua katikati ya vijiwe ukaziba nafasi zote. Mayai yaliyomo hukosa hewa yakafa, na wale wadudu wanaoishi chini ya mawe hukosa makao. Mnaweza kusema, samaki afe, mimi nitakula viazi. Lakini udongo uliomwua samaki ni ule wa juu wa shamba lako, wenye mbolea uliyoinunua kwa pesa.

Madawa nayo tuyaangalie. Pareto inayolimwa nyanda za juu hutoa dawa nzuri ya kuua wadudu, isiyomdhuru sana mtu wala mnyama. Lakini kwa samaki ni sumu kali, pamoja na dawa za viwandani zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, ambazo wengi wetu tunazitumia kwa mboga na kwa kupe. Kwa hiyo usisafishie bomba la dawa mtoni, wala usimwage mtoni maji ya josho. Na maji ya kuoshea kahawa kiwandani, yakiingia mtoni yakiwa na utomvu wake, huoza na kunyonya hewa yote. Viwanda vya kahawa vinatakiwa kuyachimbia mashimo.

Sasa nitawapa kipimo kimoja kisichotaka mashine, na ambacho kinatokana na ule ufundi wa wavuvi wa manyoya. Siku mto umetulia, ingia mahali maji yanapokimbia juu ya mawe, penye kina kisichozidi magoti. Inua jiwe la ukubwa wa kichwa, uligeuze, ulitazame chini yake. Ukiona vidudu bapa vyenye mikia miwili au mitatu vikikimbia juu ya jiwe, na vingine vilivyojijengea vijumba vya mchanga na vijiwe, mto wako bado una hewa na usafi. Ukikuta minyoo myekundu na ruba tu, au tope la utelezi, mto unaumwa. Afrika ya Kusini wataalamu wametengeneza njia ya kupima mito kwa kuhesabu jamii za wadudu hao, na watoto wa shule wanaitumia. Watoto wetu nao waweza kulinganisha jiwe la juu ya shamba na jiwe la chini ya shamba. Tofauti ikiwa kubwa, jawabu liko katikati, na katikati ni kwako.

Na la kufanya ni nini? Kwanza, acha ukanda wa ukingoni bila kulima. Sheria ya maji ina vipimo vyake, waulizeni maofisa wa maji wa kwenu. Panda humo nyasi na miti ya asili. Mikaratusi iepuke kando ya mto, maana ni mnywaji mkubwa. Pili, shika matuta, na nepia kwenye kingo zake upate na chakula cha ng'ombe. Tatu, yavune maji wakati wa mvua, uyaweke katika bwawa au tangi la kukufikisha miezi mitatu ya kiangazi, ili Februari usitegemee mto. Nne, jiungeni. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2002, Kenya imekuwa na vyama vya watumiaji maji wa kila mto, ambamo wa juu na wa chini hukaa pamoja kupanga zamu. Bomba la mtu mmoja halitoshi kuukausha mto, lakini mia moja yatatosha, na hakuna askari awezaye kulilinda kila bomba. Wanaoweza ni majirani.

Pengine mtauliza kama trauti mwenyewe anaweza kumfaa mkulima mdogo. Anaweza, kwa mwenye mahali panapofaa. Wako wakulima wa mlimani wanaomfuga katika mabwawa, wa upinde wa mvua hasa. Lakini anataka maji baridi yanayopita mchana na usiku bila kukatika, vifaranga kutoka kituo kinachojulikana, na chakula chenye protini nyingi, kiasi cha asilimia 40, ambacho ni ghali. Mwaka 2009 serikali ilipowahimiza Wakenya kuchimba mabwawa ya samaki, wengi walipewa perege na kambare, na ilikuwa haki, kwa sababu sehemu nyingi za nchi hazina maji ya trauti. Mtu asijaribu bila kupima joto la maji yake mwezi wa joto kuliko yote. Tena asimchukue trauti na kumtia katika mto mwingine kwa kutaka kwake. Trauti ni mlaji mkali. Huko Afrika ya Kusini amewamaliza samaki wadogo wa asili katika mito kadhaa, na sisi nasi tuna vyura na viumbe wetu wa mlimani. Waone kwanza watu wa Idara ya Uvuvi.

Wakulima wasikilizaji, samaki huyu hakuletwa kwa ajili yetu. Aliletwa kwa ajili ya starehe ya watu waliokumbuka mito ya kwao. Lakini miaka zaidi ya mia moja imepita, walioleta wamekwenda, na mto umebaki mikononi mwa mwenye shamba la ukingoni. Uskoti mvuvi hungoja Machi ije imsafishie na kumpashia maji. Kwetu Machi huja na mvua na tope, na maji yatasafika kwa siku mbili au kwa wiki tatu kulingana na jinsi tulivyolima. Kabla ya mvua zijazo, nendeni mkageuze jiwe.